Pikapu Nzito Iliyotumika: Anza na Mlango, Boneti Baadaye

Matangazo ya pikapu nzito zilizotumika nchini Marekani yana namba moja isiyokosekana: uzito ambao gari linaweza kuvuta. Muuzaji huandika pauni 18,000, yaani tani nane na ushei, kisha hufuata picha za gari lililooshwa likang'aa. Kwa kawaida namba hiyo si ya uongo. Ila ni ya gari jipya, lililopimwa likiwa na dereva, abiria mmoja na vifaa vichache, tena haisemi lolote kuhusu mizigo ambayo gari hili hasa limekwisha kuvuta, kwenye milima gani na chini ya dereva wa namna gani. Mnunuzi wa pikapu ya kazi ananunua nguvu zilizobaki. Bahati nzuri zinapimika, kwa kuwa mzigo huacha alama.

Soko lenyewe ni la magari machache. Kuna Ford F-250 na F-350, kuna Ram 2500 na 3500, na kuna Chevrolet Silverado pamoja na ndugu yake GMC Sierra katika ngazi za 2500HD na 3500HD. Ngazi ya kwanza Wamarekani huiita ya robo tatu ya tani na ya pili ya tani moja, majina ya zamani ambayo hayalingani tena na uzito unaobebwa. Wahamiaji kutoka Kenya, Tanzania na Kongo walioingia kazi ya usafirishaji huko hukutana na magari haya mapema, maana pikapu ya tani moja na tela refu ni mtaji mdogo kuliko lori kubwa.

Kazi ya kwanza ya mkaguzi ni kufungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna vibandiko vinavyotaja uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo wake, na uzito wa juu ambao kila ekseli inaruhusiwa kubeba. Pikapu isiyozidi pauni 10,000 (kilo 4,536) huwa pia na kibandiko kinachosema wazi kwamba watu na mizigo kwa pamoja wasizidi uzito fulani. Kibandiko hicho ni cha gari lile lile, na vifaa vilivyofungwa kiwandani vimezingatiwa. Ndiyo maana F-250 mbili za mwaka mmoja, rangi moja na injini moja zinaweza kutofautiana kwa mamia ya pauni.

Hesabu inayofuata ndiyo inayowashangaza wengi. Chukua F-250 ya dizeli, milango minne, inayoendeshwa kwa magurudumu yote. Ikiwa tupu ina uzito wa takriban pauni 7,800. Kikomo chake cha kisheria mara nyingi ni pauni 10,000, kwa sababu juu ya hapo kanuni na ada za usajili hubadilika katika majimbo mengi, na mtengenezaji huamua kubaki chini ya mstari. Zinazobaki ni pauni 2,200, karibu tani moja kamili. Hilux inayobeba saruji Dar es Salaam nayo imeundwa kubeba takriban tani moja, ilhali yenyewe ni nyepesi mno kuliko F-250.

Sasa fungia tela la pauni 15,000, lile la kukaa juu ya ekseli ya nyuma katikati ya bodi. Matela ya aina hiyo huegemeza asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake kwenye gari. Kwa asilimia 20 tu, pauni 3,000 zimeshuka mgongoni mwa pikapu kabla dereva hajaketi, kabla ya mkewe, watoto na sanduku la vifaa. Tela lenyewe liko chini ya zile pauni 18,000 za tangazo, lakini gari limezidi uwezo wake kwa pauni 800. Tela la kawaida linalofungwa kwenye kifungio cha nyuma hushusha uzito mdogo zaidi, asilimia 10 hadi 15, ila nao huhesabiwa. Na kwa kuwa injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, pikapu ile ile yenye injini ya petroli huvuta kidogo lakini mara nyingi hubeba zaidi.

Aliyeielewa hesabu hii anajua cha kutafuta uvunguni, maana wamiliki wengi waliotangulia hawakuifanya. Springi za nyuma zinapaswa kuwa na upinde gari likiwa tupu. Zilizonyooka kama rula zimebeba kupita kiasi kwa muda mrefu. Juu ya ekseli kuna mpira unaozuia chuma kugonga chesisi. Ukiwa umepasuka, au chuma kilicho juu yake kimechubuka rangi, ekseli imekuwa ikigonga hapo. Springi za ziada au mifuko ya hewa si dosari, lakini ni ushahidi wa matumizi, na haviongezi hata pauni moja kwenye kile kibandiko cha mlangoni.

Ndani ya bodi, matundu ya bolti sakafuni yanaonyesha palipofungwa kitako cha tela kubwa. Muuzaji anayedai gari lilikuwa la kwendea dukani aulizwe matundu hayo yalitoboka vipi. Kwenye majimbo ya theluji kama Michigan, Ohio na Minnesota barabara hunyunyiziwa chumvi, na chumvi hula chesisi na mabomba ya breki. Nyundo ndogo husaidia: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kudondosha magamba. Rangi nyeusi mbichi iliyopulizwa chini ya gari kuukuu inastahili kukwanguliwa kidogo, mwenyewe akiwapo na akiridhia.

Odomita ina nafasi yake, lakini pikapu nyingi nzito za miaka ya karibuni huhesabu pia saa ambazo injini imewaka. Mnunuzi agawe maili kwa saa. Magari mawili yanaweza kusoma maili 120,000 kila moja, karibu kilomita 193,000. Moja lina saa 3,000, kwa hiyo wastani wake ni maili 40 kwa saa, gari la barabara kuu. La pili lina saa 8,000, wastani wa maili 15: limeshinda limewaka kwenye viwanja vya ujenzi au visima vya mafuta, huku likijaza masizi kwenye njia za hewa na kuchosha oili. Bei zao zikilingana, la pili ni ghali.

Kwenye injini, mwaka wa kutengenezwa una uzito kuliko nembo. Dizeli ya Ford ya lita 6.0, iliyouzwa kwenye pikapu hizi kuanzia 2003 hadi 2007 na kutengenezwa na Navistar, inajulikana kwa mnyororo mmoja wa matatizo: kipozea oili huziba, kipozea moshi hukosa maji na kupasuka, shinikizo hupanda, na gasketi ya silinda hedi huachia. Madai ya warantii ya injini hiyo yalizifikisha Ford na Navistar mahakamani mwaka 2007. Kuikagua kuna njia isiyohitaji kufungua kitu: baada ya safari ndefu yenye mzigo, joto la oili lisizidi joto la maji kwa zaidi ya nyuzi 8 za Selsiasi. Pengo likiwa kubwa kuliko hapo, kipozea kimeanza kuziba.

Duramax, dizeli ya General Motors kwenye Chevrolet na GMC, ya 2001 hadi 2004 ilisumbua kwa nozeli. Ziliwekwa chini ya vifuniko vya vali, hivyo kuzibadilisha ni kazi ya saa nyingi, na kampuni ililazimika kurefusha warantii yake. Kwa upande wa Cummins ya lita 5.9, dizeli ya Ram, matoleo ya 1998 hadi 2002 yenye vali 24 yalikuwa na pampu ya dizeli iliyotegemea mafuta hayo hayo kupozwa na kulainishwa. Pampu ndogo ya kusukuma kutoka tangi ikidhoofu, ile kubwa hufa.

Magari mapya zaidi yana pampu ya Bosch iitwayo CP4. General Motors iliitumia 2011 hadi 2016, Ford iliianza 2011 kwenye injini ya lita 6.7, na Ram iliifunga 2019 na 2020 kabla ya kuyaita magari hayo yatengenezwe na kurudi kwenye pampu ya awali, CP3. CP4 ikisagika, vumbi la chuma husambaa hadi kwenye nozeli, na mfumo wote wa mafuta hubadilishwa. Bili inaweza kufika dola 10,000. Fundi wa dizeli hutoa mafuta kidogo kwenye chujio la kutenganisha maji, huyamimina kwenye chombo cheupe na kuyaangalia juani. Chembe zinazometa zikionekana, mazungumzo ya bei yamekwisha.

Injini iguswe ikiwa baridi. Muuzaji aombwe mapema asiiwashe, na mkaguzi aweke mkono juu yake kabla ya ufunguo kuzungushwa. Moshi mweupe usiokatika huashiria nozeli mbovu au maji yanayoingia kwenye silinda, wa bluu ni oili inayoungua. Injini ikishatulia, kifuniko cha oili hufunguliwa na kulazwa kinyumenyume juu ya tundu lake. Mvuke mdogo ni kawaida kwa dizeli. Kikirushwa pembeni, ringi za pistoni zimechoka.

Kisha kidole kiingizwe kwenye mdomo wa eksozi ya gari la 2008 au jipya zaidi, lingali baridi. Mfumo wa kuchuja moshi ukiwa mzima, kidole hutoka karibu safi. Masizi meusi tii yana maana kwamba chujio limepasuka au limeng'olewa. Kuling'oa ni kinyume cha sheria ya shirikisho ya hewa safi, lakini hufanyika sana: mwaka 2020 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilikadiria kuwa zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimechezewa hivyo katika muongo mmoja. California hukagua moshi wa dizeli za 1998 na kuendelea, na kurudisha vifaa vilivyong'olewa hugharimu maelfu ya dola. Kwa Ram za 2013 hadi 2019 kuna swali la nyongeza: je, programu ya injini imesahihishwa? Desemba 2023 Cummins ilikubali kulipa faini ya zaidi ya dola bilioni 1.6 kutokana na mitambo ya kukwepa vipimo vya moshi kwenye magari hayo. Namba ya chesisi, ikiingizwa kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, huonyesha wito wa matengenezo ya usalama ambao haujatekelezwa.

Jaribio la barabarani bila tela halithibitishi mengi. Muuzaji mwenye nia njema atakubali tela lifungwe na mlima utafutwe. Katika kupanda, giaboksi ishike kila gia bila kuteleza na joto lake litulie. Katika kushuka ndipo bei hujulikana: breki ya eksozi ifanye kazi, usukani usitetemeke, na breki za tela ziitikie kidhibiti kilicho kwenye dashibodi. Tairi nazo zisomwe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2317 ni wiki ya 23 ya 2017, na tairi ya umri huo haifai kubeba tani hata kama kashata zake ni ndefu.

Anayefikiria kulipeleka gari nyumbani ajue kwamba Kenya, isipokuwa kwa magari machache ya shughuli maalumu, husajili yenye usukani wa kulia na yasiyozidi miaka minane. Kwa Kongo, Rwanda na Burundi, ambako magari hupita kulia, usukani wa kushoto si kikwazo.

Na anayelinunua kwa biashara ndani ya Marekani afanye jumlisho moja zaidi. Gari na tela vikizidi pauni 10,000 kwa pamoja katika biashara ya kuvuka majimbo, namba ya Wizara ya Uchukuzi inahitajika. Vikifika pauni 26,001, na tela likiwa la zaidi ya 10,000, dereva lazima awe na leseni ya malori. F-350 ya magurudumu sita yenye kikomo cha pauni 14,000, ikifungwa tela la pauni 14,000, inafika 28,000. Ikifungwa tela lenye kikomo cha 12,000, inafika 26,000 kamili, na leseni ya kawaida inatosha.