Tabora: Anayetembea Ndiye Anayenunua

TABORA: Katika taarifa za masoko ya magharibi mwa Tanzania, bidhaa zinazotajwa ni zile zile: tumbaku, asali, karanga, mpunga na mbao. Ipo bidhaa nyingine isiyopimwa kwa gunia wala kwa mizani, nayo ni matembezi mafupi ya miguu katika njia ya zamani ya misafara. Haihitaji mtaji mkubwa, lakini kama biashara nyingine yoyote, ina wateja wake, msimu wake na hasara zake.

Mahali pazuri pa kuanzia ni njia ya kutoka mjini kwenda Kwihara, mwendo wa kilomita 6 hivi. Ardhi ni tambarare na hakuna mlima wa kupanda. Mtu asiyezoea kutembea anaweza kufika kwa saa moja na nusu hadi mbili bila kujichosha, na kurudi mjini kwa bodaboda. Mwishoni mwa njia ipo tembe inayokumbusha makazi ya Dk. David Livingstone ya mwaka 1872. Nyumba inayoonekana leo si ile ya awali, bali ilijengwa upya katika miaka ya 1950 kwa umbo la ile ya zamani, ikafanywa makumbusho.

Habari za nyumba hiyo zitaeleweka upesi kwa mfanyabiashara. Machi 1872 mwandishi wa habari Henry Stanley aliondoka hapo kurudi pwani, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi na mahitaji ya safari. Walifika Agosti, naye akaondoka tarehe 25 mwezi huo. Kwa miezi mitano mtu mashuhuri alikaa bure kwa sababu mzigo haujafika. Hakurudi tena akiwa hai. Mwaka 1873 wafuasi wake, wakiwamo Chuma na Susi, waliupitisha mwili wake hapo hapo wakiupeleka pwani.

Tabora yenyewe ilikua kwa watu waliosafiri kwa miguu. Msafara kutoka pwani hadi Unyanyembe ulichukua miezi mitatu hivi, kila mpagazi akibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi. Bara ziliingia nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba. Pwani zilikwenda pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofanywa watumwa. Jambo hilo la mwisho halifai kufichwa kwa mgeni kwa nia ya kupamba biashara, kwani ni sehemu ya ukweli wa njia hii. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, na ujira wao ulijadiliwa kama bei ya bidhaa nyingine sokoni.

Faida ya mji ilitokana na kusimama kwa misafara. Watu walipumzika, wakanunua nafaka, wakaajiri wapagazi wapya, wakabadilishana mali. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo uliokuwa ukichukua miezi ukaanza kusafirishwa kwa siku chache, na kazi ya mpagazi wa masafa marefu ikakosa soko.

Hesabu hiyo haijabadilika. Mgeni anayepelekwa Kwihara kwa gari hutazama tembe, hulipa kiingilio na kurudi, na sehemu kubwa ya fedha yake humwendea mwenye gari. Mgeni huyo huyo akienda kwa miguu atapata kiu na njaa, atahitaji kivuli na mtu wa kumwonyesha njia. Hapo muuza maji, mama mwenye chai na viazi, mwenye asali ya chupa ndogo na kijana anayejua historia ya mahali wote wanapata chochote. Maduka makubwa hayana nafasi katika mauzo hayo, ndiyo maana yanamfaa mwenye mtaji mdogo.

Kwamba watu wa mjini wako tayari kulipia matembezi si jambo la kubuni. Nairobi unao msitu wa Karura, wenye ukubwa wa hekta 1,000 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikaribia kugawiwa wajenzi, na Wangari Maathai na wenzake wakasimama kuutetea. Leo wakazi wa jiji hulipa getini ili kutembea chini ya miti yake. Tabora haina wakazi wengi kama Nairobi, hivyo mapato hayawezi kulingana. Hata hivyo somo ni moja: mteja wa kwanza ni mkazi wa mji wenyewe, mwalimu, mwanafunzi au mtumishi aliye na siku ya mapumziko, kabla ya kumfikiria mtalii wa ng'ambo.

Hasara kubwa inayoinyemelea biashara hii ni shoka. Nchi ya Tabora ni ya miti ya miombo, na miti hiyo inagombewa. Mkaa unaihitaji, na tumbaku ya kukaushwa kwa moto inakula kuni nyingi. Upande mwingine wapo wafugaji nyuki, ambao mavuno yao yanategemea maua ya miti iliyosimama, na mjini kipo chuo cha kuwafunza. Mti ukichomwa huuzwa mara moja. Ukiachwa, huleta asali kila msimu na kivuli kila siku. Mfugaji nyuki na mwongoza wageni wana maslahi mamoja, na ingefaa wakae meza moja.

Kwa anayetaka kujaribu, msimu mzuri ni kuanzia Mei, mvua zikishakwisha na njia kukauka. Septemba na Oktoba jua huwa kali, hivyo safari ianze alfajiri. Kofia, viatu vilivyofunika mguu na maji ya kutosha ni lazima. Njia ya Kwihara ikizoeleka, macho yanaweza kuelekezwa kwenye mabwawa ya Igombe na Kazima, yaliyojengwa kwa ajili ya maji ya mji. Anayetaka kuwaingiza wageni katika msitu wa hifadhi aulize kwanza ofisi ya misitu, alipe kinachotakiwa na kudai stakabadhi. Zamani misafara ilitozwa hongo na watawala wa njiani, ikiwa ni ada ya kupita. Leo neno hilo limebaki kuwa jina la rushwa, na biashara changa haiwezi kuibeba.

Mwekezaji mdogo haifai akope fedha kujenga nyumba ya wageni kwa kutegemea matembezi peke yake. Aanze na meza moja, debe la asali lililochujwa vizuri na daftari la kuandika kila mgeni na alichonunua. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litamwonyesha kama aongeze mtaji au abaki na karanga zake.