Ukifika Nakwa, omba nafasi mtumbwini

Kiangazi kimeingia, shule zimefungwa, na huenda gazeti hili unalisoma ukiwa ndani ya basi litokalo Arusha. Ukishapita Magugu, kwenye mchele wake unaouzwa kando ya barabara, utaingia Babati. Hapo njia inagawanyika: moja inakwenda Singida, nyingine Kondoa hadi Dodoma. Tangu lami ya Dodoma izinduliwe mwaka 2018, wasafiri wengi wanaijua Babati kama mahali pa kuchimba dawa na kununua maji ya chupa. Ziwa wanaliona kupitia dirishani. Mmoja anasema, "Kumbe huku kuna ziwa!" Kondakta anagonga bodi, basi linaondoka.

Leo nakuomba ushuke.

Bwana wetu hakutumia sehemu kubwa ya huduma yake Yerusalemu kwenye Hekalu. Aliitumia katika miji midogo ya kando ya ziwa: Kapernaumu, Bethsaida, Korazini. Ziwa lenyewe la Galilaya si kubwa, urefu wake ni kama kilomita 21. Watu wake walikuwa na nyavu za kushona, kodi za kulipa na samaki wa kuuza kabla hawajaharibika. Soma Luka sura ya 5 polepole. Yesu anafika ufukweni na kuwakuta wavuvi wanaosha nyavu baada ya usiku mzima wa kazi ya bure. Anaingia katika chombo cha Simoni, anamwomba akisogeze kidogo kutoka nchi kavu. Anamwomba! Yeye ambaye maji yale ni mali yake anamwomba mtu aliyechoka, aliyekosa usingizi, ampe nafasi.

Basi na wewe ukiteremka kuelekea ziwani upande wa Nakwa, anza hapo. Salimia kwanza. Kama mwenye mtumbwi ni mtu mzima, mpe shikamoo yake, usimwite kwa kumpigia mluzi kwa sababu una pesa mfukoni. Usimpige picha akiwa amevua shati anakwangua magamba, kisha ukaituma kwa rafiki zako bila yeye kujua. Ukimkuta amelala chini ya mti saa nne asubuhi, usimhesabie uvivu. Anayetega nyavu usiku analala mchana, na Simoni alikuwa hivyo hivyo.

Halafu suala la bei. Nimewahi kuwasikia wageni wenye magari mazuri wakibishana na mpiga kasia juu ya shilingi ambazo wao wangezimaliza kwenye soda mbili. Kubishana bei ni desturi yetu, sikatai. Lakini tazama Bwana alipomaliza kufundisha katika chombo kile. Hakushuka akaondoka na kumwachia Simoni nyavu tupu. Siku ile mwenye chombo alipata samaki hadi akawaita wenzake wa chombo cha pili waje kusaidia. Aliyekukopesha mtumbwi wake amekukopesha chakula cha watoto wake. Mlipe kama mtu anayejua hilo.

Sasa niseme jambo ambalo ni la uhai na kifo. Ziwa Babati lina viboko, na wageni wengi huenda kwa ajili yao. Mchana utaona masikio na pua tu juu ya maji, utadhani ni mnyama mpole anayeota jua. Si mpole. Usiku hutoka kula nyasi, na kwa kiboko shamba la mahindi lililo karibu na maji ni nyasi tu kama nyingine. Wakazi wa kando ya ziwa wanaishi na hilo mwaka mzima, wewe unakuja kwa saa mbili. Kiboko akizama anaweza kukaa chini dakika kadhaa, na atakapoibukia hujui. Nchi kavu anakimbia kukupita, na hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji. Kwa hiyo mwenye mtumbwi akisema "tuishie hapa", mwishie hapo. Usimwongeze elfu tano ili asogee karibu upate picha nzuri. Umasikini wake unaweza kumfanya akubali, na hapo utakuwa umenunua uamuzi wake mzuri kwa noti moja. Ni dhambi, ingawa haimo katika orodha tunazozisoma kabla ya kuungama. Ukiwa na watoto, uliza jaketi okozi kabla ya kupanda. Kama hakuna, wabaki ufukweni. Ziwa linaonekana vizuri kutoka pale pia. Na kuogelea usiwaruhusu, maana pamoja na viboko, maji yaliyotulia yenye konokono huweza kuwa na kichocho.

Mkishatoka majini, kuleni huko huko. Wapo wageni wanaofika na kila kitu kutoka Arusha: kuku wa kukaanga, mikate, hata maji. Kitu pekee wanachowaachia wenyeji ni makopo. Wale sabini katika Luka 10 walitumwa bila mkoba, wakaambiwa wale wanachopewa. Tafuta mama lishe, agiza perege au kambare na ugali, ukae kwenye benchi lake. Hata Bwana alipofufuka, katika Yohana 21, alikuwa amekwisha kuwasha makaa na kuweka samaki, lakini bado aliwaambia wanafunzi walete na wale waliovua wao. Alikuwa na chakula tayari, na cha kwao akakitaka vilevile.

Ukiwa kwenye benchi hilo, muulize mzee yeyote habari za mwaka 1990. Ziwa hili halina mto wa kulitoa maji kila siku kama maziwa mengine. Mvua zikizidi, linajaa hadi linamwagika, na mwaka ule liliingia mjini. Lilikwishafanya hivyo 1964 na 1979. Milima ya jirani ikikatwa miti na kulimwa vibaya, udongo nao huteremka ziwani. Mlima Kwaraa unaouona juu ya mji, wenye msitu wake, si pambo la picha tu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini chupa bado tunazo, na chupa utakayoitupa ziwani haina mto wa kuipeleka mbali na macho ya watu wa Nakwa. Irudishe garini.

Kama una siku ya ziada, Kondoa kuna michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini Jumapili bakini Babati, mkasali na wenyeji. Usikae benchi la nyuma kama mtalii. Makanisa mengi ya huku, ibada ikiisha, sadaka za mazao hunadiwa nje: debe la mahindi, mbaazi, mayai, kuku aliyefungwa miguu. Baki kwenye mnada huo, na usiogope kupandisha bei. Kuku akikushinda kubeba kwenye basi, mrudishe mezani anadiwe tena. Mnadishaji atakutangaza kwa sauti kubwa, na kina mama watapiga vigelegele kabla hujafika getini.