Mfuo wa Roda, Kazi Ndogo Ibebayo Tanga Zima

Wasomaji wetu waliowahi kusimama ufukoni Lamu, au Nungwi huko Unguja, jahazi likitweka tanga, wamewaona mabaharia wakivuta henza kwa pamoja huku foromali ikipanda mlingotini. Ni wachache waliolitupia jicho kapi lipitishalo kamba hiyo. Ndani ya kapi imo roda, gurudumu dogo la mti mgumu, ambalo ukingo wake umechongwa mfuo wa mviringo. Mfuo ukichongwa vibaya, kamba hulika upesi. Na henza ikikatika, foromali huwaangukia walio chini yake.

Mfuo wenye pembe kali huibana kamba na kuikwangua ubavuni. Ulio mpana mno huiacha ilale bapa chini ya uzito. Unaotakiwa ni ule uizidio kamba kidogo tu: kwa kamba yenye unene wa milimita 24, mfuo wa milimita 26 hivi wafaa.

Mwenye mashine ya kukereza huimaliza kazi hii kwa muda mfupi. Fundi asiye nayo, na asiye hata na bobari, atafanyaje? Ana msumeno, patasi bapa, tupa na keekee ya uta. Vyatosha, mradi aujue mti wake.

Kwanza hutoboa tundu la katikati, kwani vipimo vyote hutoka hapo. Kisha hupiga mistari miwili kuzunguka ukingo, akibakiza mdomo kila upande. Baina ya mistari hiyo huchonga kwa patasi kutoka pande zote mbili, akiinama kuelekea katikati. Hapa ndipo wanagenzi wengi wanapoharibu. Nyuzi za mti hazilizunguki gurudumu. Hupita moja kwa moja kutoka upande hadi upande. Kwa hiyo patasi haina budi kuanzia pale ukingo unapolala sambamba na nyuzi, ielekee pale nyuzi zinapokatika, na kugeuzwa mwelekeo mara nne katika mzunguko mmoja. Akaidiye hili huupasua mdomo wa roda, na mti kama mbambakofi haupatikani kwa urahisi siku hizi.

Kufikia hapo mfuo ungali na pembe. Fundi huchukua kipande cha msumeno mkuukuu, akakinoa ncha iwe ya mviringo, akaparuza nacho taratibu. Halafu tupa ya duara, na mwisho msasa uliozungushiwa kijiti. Kupima hakuhitaji chombo cha dukani. Kipande cha kamba ile ile hupakwa masizi na kuburutwa mfuoni. Palipoingia weusi ndipo palipoinuka, na hapo huparuzwa tena, mpaka weusi uenee sawasawa.

Makapi ya chuma na plastiki yanauzwa madukani, na vyombo vingi sasa vina mashine, hatuwalaumu wanaoyanunua. Lakini roda ya mti ikivunjika mbali na maduka, hupatikana nyingine penye gogo na patasi. Iliyokamilika hupakwa sifa kabla ya kutiwa ndani ya kapi.