Waafrika Kusini Waliozikwa Kraków

Katika makaburi ya Rakowicki, mjini Kraków, Poland, yapo mawe yaliyochongwa alama ya kichwa cha swala. Hapo wamelala vijana wa Afrika Kusini waliokufa wakipeleka silaha, chakula na dawa Warsaw.

Agosti 1, 1944, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wapiganaji wa Poland waliinuka dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameukalia mji wa Warsaw tangu 1939. Jeshi la Kisovieti lilikuwa jirani, lakini kwa wiki kadhaa Stalin, kiongozi wa Wasovieti, alikataa kuruhusu ndege za washirika wake zitue kwenye viwanja vyake. Ikabidi msaada utoke kusini mwa Italia. Skwadroni za 31 na 34 za Afrika Kusini, zilizokuwa na kituo chao Foggia, ziliruka sambamba na ndege za Waingereza na za Wapolandi wenyewe.

Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 1,200, usiku, juu ya nchi zilizoshikwa na adui. Marubani waliitambua Warsaw kwa mbali, kwa kuwa ilikuwa ikiungua. Shida yenyewe ilianzia hapo. Rubani alitakiwa ashuke hadi kiasi cha mita 150 na kupunguza mwendo, ili mizigo iliyofungwa miavuli iangukie mitaa ya wapiganaji, isiangukie mikononi mwa Wajerumani mtaa wa pili. Liberator, ndege kubwa ya injini nne, ikienda polepole chini namna hiyo, haikuwa na pa kujificha. Nyingine zilidunguliwa palepale mjini, nyingine njiani, hata karibu na Kraków.

Vita vilipokwisha, miili iliyozikwa huku na huko ilikusanywa Rakowicki. Haikurudishwa kwao, kwa kuwa utaratibu wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ulikuwa askari azikwe nchi aliyofia, na jiwe la ofisa lilingane na la askari wa kawaida.

Lazima isemwe pia kwamba Afrika Kusini ya wakati ule haikumruhusu Mwafrika mweusi kurusha ndege wala kupewa bunduki. Aibu hiyo ni ya serikali ya nchi hiyo. Haiwapunguzii vijana hawa ushujaa wao.

Wapolandi hawajawasahau waliowafia. Katika bustani ya Skaryszewski, Warsaw, wamejenga mnara wa kumbukumbu mahali ilipoanguka Liberator moja. Nawe msomaji, kama una mtoto au ndugu anayesoma Poland, mwombe siku moja apite Rakowicki, ayatafute mawe yenye swala na kuwaombea waliolala hapo.