Mama Karanga, Pakiti ya Unga na Muhuri wa Serikali

Jioni inapoingia Ukunda, Gazi, Msambweni na kuteremka mpaka Vanga, wanawake wanaoitwa mama karanga huketi kando ya njia na mabeseni ya samaki waliokwisha kukaangwa: tafi, pono, changu wadogo, na vibua vikiwa katika msimu wake. Mnunuzi huuliza samaki katoka bandari gani na kaletwa lini, huchagua, hulipa au huandikiwa deni, huenda zake. Risiti hakuna, wala nembo ya ubora. Kwenye duka lililo hatua chache kutoka hapo kuna pakiti ya unga wa sima yenye nembo ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini Kenya, KEBS, namba ya kibali na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa maandishi, pakiti ndiyo yenye ulinzi. Moyoni mwa mnunuzi, mara nyingi ni beseni. Naona mnunuzi huyo ana hoja, ila hoja yake ina mahali inapokatikia, na hapo ndipo watu huumia.

Tuanze na hoja. Mama karanga anaishi alipo mteja wake. Samaki wake akimsumbua mtoto wa jirani usiku, asubuhi habari imeshafika kisimani, na jioni beseni litarudi nyumbani limejaa. Yeye mwenyewe ndiye dhamana. Isitoshe, kwake yeye anaponunua, samaki mbichi hujieleza: macho yakiwa meupe na kuzama, matamvua yakigeuka kahawia, nyama ikibonyea bila kurudi, mtu aliyekulia ufukweni haambiwi. Kukaanga kwenyewe ni maarifa ya kuhifadhi. Pale pasipo na barafu, mafuta ya moto huua vijidudu na kukausha maji ya samaki, naye akafika kesho akiwa analika. Hata sumu ya bunju, ambayo haiondoki kwa kupikwa, huzuiwa na mvuvi anayemjua samaki huyo na kumtupa kabla hajafika kwa mkaangaji. Huu ni mfumo kamili wa usalama wa chakula, ingawa haujaandikwa popote, na nisingependa kuusikia ukidharauliwa.

Lakini mfumo huo wote unasimama juu ya jicho, pua na kumbukumbu. Kuna madhara yasiyopita huko.

Chukua vibua na jodari. Nyama ya samaki hawa ina kiini ambacho bakteria, samaki akikaa kwenye joto, hukigeuza kuwa histamini. Mtumbwi au ngalawa isiyobeba barafu ikikaa saa kadhaa juani, kazi hiyo huanza kabla samaki hajaona ufuko. Histamini ikishajengeka, karai haliiondoi. Samaki anaweza kupendeza machoni na puani, kisha mlaji uso ukawaka, kichwa kikagonga na ngozi ikawasha. Wengi hudhani ni mzio, wakapona baada ya saa chache, na habari ikaishia hapo. Mama karanga hana kosa, kwani amekaanga alicholetewa. Kilichokosekana ni barafu ndani ya chombo na bandarini, na mtu wa kupima joto la samaki wanapopokelewa. Hivyo havipatikani kwa uaminifu wa mtu mmoja hata awe mwadilifu namna gani.

Kwenye mahindi mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini, ile sumukuvu inayotolewa na kuvu wa Aspergillus, na 125 kati yao wakafa. Hao ni walioila kwa wingi na kwa ghafla. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka haanguki mezani. Ini lake ndilo hudhurika, na hatari ya saratani hupanda, hasa akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B. Moto wa kupikia sima hauimalizi sumu hiyo. Kuyachagua mahindi yaliyoharibika na kuyakoboa hupunguza kiasi chake, lakini hakuna awezaye kuuonja unga na kusema ni salama. Kiwango kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kila kilo, kiasi ambacho jicho halina habari nacho kabisa.

Kaunti yetu ya Kwale haijitoshelezi kwa mahindi. Yanayosagwa hapa mengi hutoka bara au huvuka kutoka Tanzania. Viwango vinataka punje zisizidi unyevu wa asilimia 13.5, nayo hewa yetu ya pwani, hasa mwezi wa tano mvua zikiwa zimeshika, huyarudishia unyevu mahindi yaliyokuwa yamekauka vizuri. Mwenye mashine ya kusaga Msambweni hajui punje hizo zililala ghala gani. Kwa hiyo mnunuzi wa unga analazimika kumwamini mtu asiyemwona, kwa kipimo asichoweza kukirudia. Hapa ndipo taasisi inahitajika kweli, na hapa ndipo imetuangusha kwa namna ilivyozungumza nasi.

Novemba 2019 KEBS ilitangaza kusimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa kuzidi kiwango cha aflatoksini. Mojawapo ilikuwa Dola, inayosagwa Mombasa na kujulikana sana Pwani. Januari 2020 zikasimamishwa chapa nyingine 17. Baadaye unga ulirudi madukani. Usitishaji ulikuwa sahihi, na kurudishwa kwa kiwanda kilichorekebisha kasoro ni haki yake. Ila mama wa Ukunda mwenye pakiti iliyofunguliwa jikoni alihitaji majibu mengine: ni shehena ipi hasa, ilizidi kwa kiasi gani, niliyowapikia watoto mwezi uliopita ilikuwaje, na kilichobadilika kiwandani ni nini? Tangazo linalotaja chapa peke yake humwachia hofu bila kumpa la kufanya. Kisha Ijumaa, tarehe 5 Machi 2021, mahindi kutoka Tanzania na Uganda yakapigwa marufuku kwa sababu hiyohiyo ya sumu, na katika muda usiofika wiki marufuku ikaondolewa kwa masharti. Mtu wa mpakani Lunga Lunga angeelewa vipi kwamba sumu ya Ijumaa imekuwa suala la hati za usajili na vyeti siku chache baadaye?

Sukari ilizidisha mashaka hayo. Mwaka 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alisema sukari ya magendo iliyonaswa ilikuwa na zebaki. Waziri wa Viwanda, Adan Mohamed, akawaambia wabunge kwamba vipimo havikuonyesha zebaki. Serikali moja, kauli mbili. Mwezi wa tano 2023 maafisa 27 wa serikali wakasimamishwa kazi kwa sababu ya magunia 20,000 ya sukari, iliyokuwa imekataliwa tangu 2018, kutolewa ghalani kinyume cha utaratibu. Watu wa Msambweni wanaoishi kando ya mashamba ya miwa ya Ramisi walisikia haya yote. Anayesema wananchi hawaiamini nembo kwa kukosa elimu hajawatendea haki. Wamefuata ushahidi waliopewa.

Kuna upande mwingine wa hadithi hii, kwenye hoteli za watalii za Diani. Hotelini samaki hupokelewa kwa vipimo, joto la jokofu huandikwa daftarini, na wakaguzi hufika kutoka mbali. Sababu kubwa moja iko Uingereza, ambako sheria za safari za vifurushi humwezesha mgeni aliyeugua kwa chakula cha hoteli kuidai kampuni iliyomuuzia safari. Kampuni, kwa kuogopa fidia, huibana hoteli, na hoteli humbana msambazaji wake wa samaki. Bahari ni ile ile, na huenda samaki katoka chombo kilekile. Tofauti ni kwamba mlaji mmoja ana mtu wa kumdai na mwenzake hana.

Naye mlaji wa Kwale ana Katiba. Kifungu cha 43 kinampa haki ya chakula chenye ubora unaokubalika, na cha 46 kinampa haki ya bidhaa bora pamoja na taarifa za kumwezesha kuzitumia. Majukumu yamegawanywa: viwango vya unga ni vya KEBS, huku leseni na usimamizi wa wauza chakula vikiwa vya kaunti. Mgawanyo huo una maana, ila pengo lake humwangukia mlaji. Afisa wa afya wa kaunti anayekagua cheti cha afya cha mama karanga hana mamlaka juu ya kiwanda cha unga, na KEBS haiko bandarini Mkunguni samaki wanapoteremshwa. Ikiwa afisa huonekana kwa leseni na vyeti tu, bila barafu wala kipimajoto, basi wanawake hawa wanalipia ulinzi wasioupata.

Sioni haja ya kungoja shirika jipya. Kuna vipimo vya haraka vya aflatoksini vinavyofanyika nje ya maabara kubwa, na gunia likipimwa Lunga Lunga au ghala la Ukunda, jibu lake linaweza kubandikwa hapohapo: tarehe, shehena, kiasi, hatua iliyochukuliwa. Wakati huo huo mnunuzi anaweza kuituma namba ya kibali iliyo chini ya nembo kwa ujumbe wa simu kwenda 20023, ukianza na SM#, akajua kama kibali kipo. Huduma hiyo humtambua mghushi, lakini haisemi chochote juu ya kilichomo ndani ya pakiti. La ndani lina njia yake: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, nayo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Akinyimwa, anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Kikundi cha akina mama wa Gazi au kamati ya wazazi wa shule inayopikia watoto sima kila siku inaweza kuandika barua hiyo wiki hii, ikitaja chapa wanayonunua na kuomba matokeo ya vipimo vyake vya miezi 12 iliyopita.