Kiarabu ndani ya ordinatere: namna gani mashini inafundishwa kuchambua maneno

Hukumu, hakimu, mahakama. Wakaaji wa Goma, Bukavu ao Kindu wanasikia maneno hayo kwenye redio karibu kila siku. Yote matatu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti tatu: h, k na m. Ni vilevile kwa kitabu, katibu na maktaba: ndani yake kuna k, t na b.

Mtu anaweza kuuona undugu huo kwa haraka. Ordinatere haiuoni mpaka ielezwe, na kazi ya kuieleza imewachukua watafiti miaka mingi.

Ugumu unatoka wapi? Katika Kiswahili, vipande vya neno vinafuatana kama shanga kwenye uzi: wa-ta-ki-andik-a. Mashini inaweza kuvikata kimoja baada ya kingine. Mwaka wa 1983, Kimmo Koskenniemi wa Helsinki, nchini Finland, alitoa njia ya kufanya hivyo kwa kanuni. Katika mji huohuo, Arvi Hurskainen aliitumia njia hiyo kuchambua Kiswahili na kuieleza kazi yake katika makala ya mwaka wa 1992.

Kiarabu nacho kinapanga vipande mbele na nyuma ya neno. Lakini katikati kinasuka, kama mtu anayesuka mkeka. Kataba ni «aliandika», kutiba ni «iliandikwa», kaatib ni «mwandishi», maktab ni «ofisi». K, t na b zinabaki, vokali zinapita kati yake. Hapo kisu cha kukata vipande hakitoshi.

Wazo la mzizi halikuzaliwa pamoja na ordinatere. Katika karne ya 8, huko Basra, Iraki ya leo, al-Khalil ibn Ahmad alipanga kamusi yake kwa kufuata konsonanti za mizizi. Mwaka wa 1979, Mmarekani John McCarthy alieleza neno la Kiarabu kama tabaka tatu zinazokutana: mzizi, umbo na vokali. Mwaka wa 1987, Martin Kay alionyesha namna mashini inavyoweza kuzisoma tabaka hizo kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1990, Kenneth Beesley wa kampuni ya Xerox alijenga programu ya kuchambua Kiarabu kwa kufuata njia ya kanuni.

Lakini kuna kizuizi kingine: magazeti na barua za Kiarabu kwa kawaida haziandiki vokali fupi. Msomaji anaona «ktb» tu. Je, ni kataba, «aliandika»? Ni kutiba, «iliandikwa»? Ao ni kutub, «vitabu»? Mtu anajua kwa kusoma sentensi nzima. Mashini inayotafsiri ikikosea hapo, mtu aliyeandika barua anaweza kugeuka kuwa vitabu.

Mwaka wa 2002, Tim Buckwalter alitoa jibu jepesi kuelewa. Alitengeneza orodha tatu: vipande 299 vya mwanzo wa neno, mashina 82,158 ya katikati, na vipande 618 vya mwisho. Aliongeza majedwali yanayosema kipande gani kinaweza kukaa na kipi. Programu inajaribu kulikata neno kila namna, kisha inatoa majibu yote yanayowezekana. Baadaye zilikuja programu nyingine, kama ile ya Nizar Habash na Owen Rambow ya mwaka wa 2005, ambazo zinaangalia maneno ya jirani na kuchagua jibu moja.

Hata hivyo, orodha hizo zilijengwa kwa Kiarabu sanifu, kile cha magazeti na hotuba. Sokoni Cairo watu wanasema vingine. Kwa «ataandika», Kiarabu sanifu kinaanza na sa-, Kimisri kinaanza na ha-. Kwa «hakuandika», Mmisri anasema makatabsh, na hilo -sh la mwisho halimo katika sanifu. Programu haikuwa na vipande hivyo katika orodha zake. Ilibidi kujenga nyingine kwa ajili ya Kimisri, na mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliitangaza.

Jambo hilo linawagusa pia wasemaji wa Kiswahili mashariki ya Congo. Kanuni iliyoandikwa kwa sanifu peke yake inangojea «wanakuja» na «mtu». Ikikutana na «banakuya» na «mutu» katika ujumbe wa simu, itayaona kuwa maneno yasiyojulikana, ingawa nyumba nzima imeyaelewa.

Waliochambua Kimisri hawakukihesabu kuwa Kiarabu kilichoharibika. Waliandika vipande vyake, kimoja kimoja, pamoja na sheria zake. Kwa «banakuya» kazi ni ileile: lazima mtu akae chini, aandike ba- katika orodha ya vipande vya mwanzo.