Friza ya Khalti na waya wa baharini

Mwisho wa mwaka 2009 sisi ndugu watano hapa Maskati tulichangishana tukamnunulia Khalti friza. Kubwa, ya kufungua kwa juu, ile ya kuwekea samaki na barafu. Tuliinunua Ruwi, tukaitia kwenye kontena linalokusanya mizigo ya watu wa Unguja, tukajiona tumefanya la maana. Khalti atauza barafu na malai mlangoni kwake Mwanakwerekwe, na sie tutapumua kidogo na riyali za kila mwezi.

Friza ikafika Januari. Umeme hakuna.

Wala si nyumbani kwake tu, kisiwa kizima. Waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka Bara, uliolazwa tangu 1980, uliingia hitilafu Disemba 2009, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Wengi wenu mnakumbuka simu za wakati ule: maji hayatoki kwa sababu pampu hazina umeme, mshumaa umepanda bei, majenereta yananguruma Darajani kutwa. Nilipompigia Khalti kumuuliza friza inaendeleaje, alicheka. "Mwanangu, nimetia mchele. Angalau panya hawaingii."

Jibu lile halijanitoka. Katika barza yetu ya usiku wa kuamkia Ijumaa, likija suala la misaada ya nje, watu hugawanyika palepale. Wazee wanasema misaada ni kamba ya kufungiwa shingoni. Vijana wa benki wanasema masikini hatoki kwenye umasikini kwa kupewa, anatoka kwa biashara. Mie huwaambia wote wawili waifikirie ile friza iliyojaa mchele. Mtaji ulikuwepo, wetu wenyewe, hatukumwomba mtu. Mfanyabiashara yupo, na hodari kuliko sisi sote. Wateja wapo, joto la Januari mnalijua. Kilichokosekana ni kitu ambacho hata tungechangishana Maskati nzima tukaongeza na Sur, tusingekinunua kama familia: waya wa kilomita 37 chini ya bahari.

Waya huo ulikuja kwa msaada. Februari 2008 Marekani, kupitia shirika lake la MCC, ilitiliana saini na Tanzania mkataba wa dola milioni 698 kwa ajili ya barabara, maji na umeme. Ndani yake mlikuwa na waya mpya wa Zanzibar, kutoka Ras Kiromoni mpaka Ras Fumba, wa kubeba megawati 100. Ule wa zamani ulibeba 45. Kampuni ya Kijapani, Viscas, ndiyo iliyoutengeneza na kuulaza, na ukaanza kazi 2013. Pemba ilitangulia: mwaka 2010 ilipata waya wake kutoka Tanga kwa msaada wa Norway, baada ya miaka mingi ya mitambo ya dizeli.

Hesabuni tarehe hizo. Khalti alipokuwa anatia mchele kwenye friza, saini zilikuwa na karibu miaka miwili. Msaada wa namna hii haukimbii.

Na giza lina gharama ambayo haionekani kwenye bili. Kabla ya ile miezi mitatu kulikuwa na giza jingine, karibu mwezi mzima, Mei na Juni 2008. Mtaalamu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Oregon, Alfredo Burlando, aliwachunguza watoto waliozaliwa Unguja baada yake. Aliona kwamba walizaliwa na uzito mdogo, na akalihusisha hilo na kipato kilichopotea kwa watu ambao kazi zao zinategemea umeme. Cherehani ya umeme, mashine ya kuchomea vyuma, saluni, friza. Kazi ikisimama, mama mjamzito anakula kidogo. Tangu nisome habari hiyo, sisemi tena kuwa umeme ni mambo ya mahoteli.

Ingawa mahoteli nayo yalifaidi, tena sana, na hilo lisemwe. Waya haukuchagua. Nungwi na Paje vilipata umeme wa viyoyozi, na Khalti akapata wa malai. Lakini msaada uliishia mbali na mlango wa masikini. Kutoka kwenye nguzo mpaka chumbani ni pesa yako mwenyewe, na jirani yake Khalti alikaa miaka anatazama nyaya zinapita juu ya paa lake. Aliyemlipia mwisho ni mwanawe aliye Seeb. Mkataba ulileta umeme kisiwani, riyali ndo iliyouingiza ndani.

Kati ya 2010 na 2013 waya wa zamani ulikuwa unachechemea. Ikifika Magharibi umeme unakuwa mdogo, taa nyekundu kama kaa la jiko. Mota ya friza ikaungua. Tukachanga tena, na nakiri nilinung'unika. Ulipokuja waya mpya mambo yakatulia, si kwamba haukatiki, lakini biashara inapangika. Sasa Khalti anagandisha barafu za wavuvi, wasichana wawili wa mtaani wanamsaidia kwa malipo, na umeme anajinunulia mwenyewe kwa Tukuza.

Wazee wa barza nao nawapa haki yao. Machi 2016 bodi ya MCC ilisimamisha awamu ya pili, dola kama milioni 472, nyingi zikiwa za umeme, kwa kutaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Siingii kwenye siasa hiyo, familia zetu zina watu pande zote. Ila anayekaa akisubiri nguzo ifike kijijini kwake hakuandika sheria yoyote, na ndiye aliyekosa. Kamba waliyoisema wazee ipo. Waya uliokwisha kulazwa, hata hivyo, hakuna aliyekuja kuung'oa.

Wiki iliyopita Khalti kapiga simu. Anataka friza ya pili, wavuvi wamezidi. Nikamwambia inshallah tutachanga. Akakataa. Anataka mkopo, atalipa kila mwezi, ameshapiga hesabu na ya umeme imo. Kaka yangu mkubwa kaona aibu, kasema mama yetu huyu tumpe tu. Mie nimesema tuandikishane, na Khalti kaniunga mkono.